Samaki wadogo wa kuzalisha katika akwariamu ya lita 30: mwongozo kamili kwa mtu wa Goma

Wengi wanaoanza kufuga samaki wa urembo hapa Goma huanza na rangi. Mtu anaona kwenye simu picha ya neoni mwenye mstari wa buluu na mkia mwekundu, anamwagiza kwa msafiri wa Kigali au Kampala, analipa dola zake, na baada ya wiki moja au mbili kioo kiko kitupu. Kisha anasema biashara ya samaki ni ya watu wa Ulaya.

Mimi nashauri uende kwa njia nyingine. Katika mji huu maji ya Ziwa Kivu na baridi ya usiku ndivyo vinavyochagua kwanza. Wewe unachagua kati ya wale waliobaki, na ukishafika hapo orodha ni fupi sana. Ufupi huo unasaidia, kwa sababu akwariamu ya lita 30 haina nafasi ya kujaribu kila kitu.

Hatua ya 1: Jua maji yako yanatoka wapi

Sehemu kubwa ya maji tunayotumia, ya bomba na ya bidoni, hutoka ziwani. Maji ya Kivu yana pH (kipimo cha asidi: 7 ni katikati, juu ya hapo ni alkali) inayokaribia 9 na yamejaa madini, hasa magnesiamu na bikaboneti, kwa sababu chini yake kuna chemchemi zinazopita kwenye miamba ya volkano. Samaki waliotoka mito ya Amazoni yenye maji laini, yaani yenye madini machache, kama neoni na diskasi, wamezoea maji yaliyo kinyume kabisa na hayo. Hata wakikaa hai, mayai yao hayataanguliwa. Wafute kwenye orodha leo.

Sasa angalia maji ya Kivu yanakwenda wapi. Yanatokea Bukavu kwa mto Ruzizi, yanashuka mpaka Ziwa Tanganyika, na yanabeba madini hayo yote. Ndiyo maana maji ya Tanganyika nayo yana pH ya juu, karibu 9, ingawa madini yake ni takriban nusu ya yale ya Kivu. Samaki wa Tanganyika na maji ya Kivu si wageni kwa wageni. Sambaza unaowala kila wiki waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na wakajaa ziwa zima. Samaki mwingine wa huko, Lamprichthys tanganicanus, alionekana Kivu mara ya kwanza mwaka 2006, na hakuna aliyempangia safari.

Usikimbilie kuweka sambaza kwenye kioo, lakini. Ni samaki wa kundi na wa maji ya wazi, anakufa karibu mara tu anapoguswa. Lamprichthys naye huzidi sentimita 10. Na wale samaki wadogo wa ufukweni ambao watoto huwavua kwa chandarua, wa jamii ya Haplochromis, hupigana sana sehemu ikiwa ndogo. Ninachokuambia ni kwamba ukitaka samaki wa kuzaa katika maji haya bila kuyabadilisha kwa dawa, macho yaelekee kusini, upande wa Uvira na kuendelea.

Kuhusu klorini: maji ya bomba yana klorini, na bidoni iliyojazwa ufukweni huenda ilitiwa klorini kwa sindano na wale vijana wa kuzuia kolera. Acha maji wazi kwenye ndoo pana saa 24 kabla ya kuyatumia, ukiyakoroga mara mbili tatu. Ikiwa una pampu ya hewa, itie ndani ya ndoo na kazi itakuwa ya uhakika zaidi.

Maji ya mvua nayo yana tabia yake hapa. Moshi wa Nyiragongo huifanya mvua kuwa na asidi, na maji ya mvua peke yake hayana madini ya kuizuia. Kwa hiyo usijaze akwariamu kwa maji ya mvua matupu. Lakini yakichanganywa nusu kwa nusu na maji ya ziwa, bikaboneti ya ziwa inaituliza asidi hiyo na unapata maji yanayofanana sana na ya Tanganyika. Acha mvua ioshe mabati kwanza ndipo ukinge. Vibanzi vya kupimia pH vinavyouzwa kwa ajili ya mabwawa ya kuogelea vinatosha ikiwa kipimo chake kinafika 9.

Hatua ya 2: Pima baridi ya chumba, siyo ya mchana

Goma iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana tunasahau, lakini usiku joto hushuka karibu nyuzi 15, na nyumba ya mbao haizuii kitu. Weka ndoo ya maji mahali akwariamu itakapokaa, tia kipimajoto, soma alfajiri kabla watu hawajaamka. Fanya hivyo siku kadhaa. Ikiwa maji hayashuki chini ya 18, unaweza kufuga samaki wa baridi bila hita. Ikiwa yanashuka zaidi, au unataka samaki wa Tanganyika wanaopenda 24 hadi 27, hita ni lazima.

Kwa lita 30, vitabu vingi vitakuambia wati 25 zinatosha. Kwa chumba cha Goma chukua wati 50 na ufunike akwariamu kwa kioo. Ikiwaka nusu ya siku inakula kama kWh 0.6, hesabu mwenyewe kwa bei ya umeme wako. Umeme ukikatika usiku, funika kioo chote kwa blanketi. Maji machache hupoa haraka kuliko unavyodhani.

Hatua ya 3: Kioo kiwe kipana

Mwambie fundi wa vioo akukatie sentimita 50 kwa 30, na kimo cha 20. Hiyo ni lita 30 hesabu ya juu. Ukitia mchanga na usipojaza mpaka ukingoni, unabaki na lita ishirini na kidogo. Kioo cha milimita 5, silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kisha siku tatu za kukauka kabla ya kujaribu maji. Meza ibebe kilo 40 bila kutikisika.

Kwa nini pana? Kwa kimo hiki cha Goma, hewa ni nyepesi na maji hubeba oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja kati ya sita ukilinganisha na Mombasa au Matadi. Oksijeni anayopumua samaki huingia majini kupitia uso wa maji. Zile bakuli za mviringo zinazopendeza mezani zina uso mdogo. Waachie watu wa filamu.

Ndani weka chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa. Tafuta pampu ndogo ya USB, ili umeme ukiondoka uichomeke kwenye pawabenki au betri ya sola. Mawe ya lava tunayokanyaga kila siku ni mazuri ndani ya akwariamu baada ya kuoshwa na kuchemshwa: hayabadilishi maji, na vitundu vyake ni makazi ya bakteria.

Hatua ya 4: Uliza anavyozaa kabla ya kuuliza jina

Katika akwariamu ndogo, tatizo haliwi kamwe kupata vifaranga. Tatizo ni wangapi, na nani atawala. Samaki anayefaa ni yule anayezaa wachache, asiyewala watoto wake, na asiyehitaji kila kifaranga kiwe na chumba chake.

Kwa kipimo hicho beta, samaki mrembo wa mapezi marefu, anatoka mapema. Anataka joto la 26 na zaidi, dume hujenga kiota cha mapovu na anaweza kulea mamia ya vifaranga kwa mara moja, na madume wakikua lazima kila mmoja akae kwenye bokali lake. Hilo ni bohari, siyo akwariamu ndogo. Goldfish pia hapana. Hupita sentimita 20.

Gapi ndiye watu watakayekushauri. Maji yetu magumu, yaani yenye madini mengi, anayapenda kweli. Jike huzaa vifaranga hai kila baada ya wiki nne hivi, na akishapandwa mara moja huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, anaendelea kuzaa hata akiwa peke yake. Hapo ndipo shida ilipo. Kila uzazi unaweza kuleta vifaranga 20 hadi 50, nao baada ya miezi mitatu wanazaa. Wanaosalia kuliwa na wazazi wanatosha kujaza lita 30 kabla ya mwaka kwisha. Gapi wa Endler, Poecilia wingei kutoka Venezuela, ni mdogo zaidi: dume hafiki sentimita 3, na jike huzaa wachache. Ikiwa unataka wanaozaa hai, chukua huyo, pamoja na hita, dume mmoja kwa majike wawili. Usimchanganye na gapi wa kawaida kwa sababu watapandana na baada ya vizazi viwili hutajua una nani.

Hatua ya 5: Chagua kati ya wawili

Mwenye hita na umeme wa kuaminika, au betri: Neolamprologus multifasciatus, ambaye wafugaji humwita multi. Ni miongoni mwa samaki wadogo kabisa wa jamii ya sikilidi duniani. Dume hufikia sentimita 4 na kidogo, jike karibu 3. Anaishi kusini mwa Ziwa Tanganyika, kwenye sakafu iliyojaa magamba matupu ya konokono. Kila mmoja ana gamba lake, anazaa humo, na watoto hukaa na wazazi bila kuliwa. Ndugu yake Neolamprologus brevis ni mkubwa kidogo, anapatikana ziwa zima, na mara nyingi dume na jike hushiriki gamba moja. Kwa mtu wa Goma mwenye jamaa Uvira au Bujumbura, brevis anaweza kuwa rahisi kumpata.

Asiye na hita: medaka wa Japani, Oryzias latipes. Ana sentimita 3 na nusu hivi, anavumilia maji magumu, anavumilia chumvi, anavumilia usiku wa baridi. Katika 20 ataishi vizuri na kutaga taratibu. Katika 24 atataga karibu kila siku. Jambo moja wengi wa ukanda huu hawaambiwi: medaka hutaga anapoona mchana mrefu, saa 13 au 14 za mwanga. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima. Bila taa ya kuongeza saa mbili jioni unaweza kumlisha mwezi mzima bila kuona yai. Taa ndogo ya LED ya sola inatosha.

Nikilazimishwa kutaja mmoja, nitasema multi, kwa kuwa maji ya Kivu yalishamtengenezea nyumba. Lakini asiyekuwa na uhakika wa umeme asinisikilize, achukue medaka. Wawili hawa usiwaweke pamoja.

Hatua ya 6: Amonia, mahali ambapo Goma ni tofauti

Soma hapa polepole. Samaki wenyewe na chakula kinachooza hutoa amonia. Katika maji ya pH 7, kwa joto la 25, chini ya asilimia 1 ya amonia hiyo iko katika hali ya sumu. Katika pH 9, ni zaidi ya theluthi moja. Kiasi kilekile cha uchafu ambacho samaki wa mtu mwingine hatakisikia, kwako kinaua usiku mmoja. Ndiyo maana watu hufuata maelekezo yaliyoandikwa kwa maji ya nchi nyingine, hawakosei hata kidogo, na bado samaki wanakufa.

Dawa yake ni bakteria. Aina moja hugeuza amonia kuwa nitriti, nyingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina hatari kwa kiasi kidogo. Wanaishi kwenye sponji na mawe, na maji yenye bikaboneti nyingi kama yetu wanayapenda. Lakini hawaji siku moja. Jaza akwariamu, washa pampu na hita, kisha kila siku mbili tia unga kidogo wa chakula cha samaki bila samaki yeyote ndani. Ngoja wiki nne hadi sita. Bila hita ngoja nane. Vibanzi vya amonia na nitriti vikionyesha sifuri siku moja baada ya kutia unga, ndipo akwariamu iko tayari. Ukiwa na rafiki mwenye akwariamu ya zamani, omba kipande cha sponji chafu. Kinapunguza muda huo kwa nusu au zaidi.

Baada ya hapo badilisha sehemu moja kati ya sita ya maji kila wiki, kwa maji yaliyokaa chumbani na kupata joto lilelile. Sponji ikamulie ndani ya maji yaliyotolewa kwenye akwariamu, kamwe usiioshe chini ya bomba: klorini itawaua bakteria uliowangoja wiki zote hizo. Umeme ukikatika saa nyingi na huna betri, toa sponji, uiache ielee juu ya maji ipate hewa, na usilishe mpaka umeme urudi.

Hatua ya 7: Kuleta na kuingiza

Asiyelishwa siku moja kabla ya safari hachafui mfuko. Maji theluthi, hewa theluthi mbili, mfuko ndani ya boksi la stairofomu. Mayai ya medaka ni rahisi zaidi: yanasafiri kwenye chupa ndogo mfukoni mwa msafiri.

Ushauri wa kawaida ni kudondosha maji yako kidogo kidogo ndani ya mfuko kwa saa nzima. Kwa safari ndefu na maji ya Kivu huo ni mtego. Ndani ya mfuko amonia imejikusanya huku pumzi ya samaki ikishusha pH, kwa hiyo sumu imelala. Ukitia maji ya pH 9, inaamka samaki akiwa bado ndani. Acha mfuko uelee juu ya maji dakika 20 ili joto lilingane, ufungue, mhamishe samaki kwa wavu mdogo, mwaga maji ya mfuko nje. Kama anatoka maji ya pH 7 au 8, mpokee kwanza kwenye maji yenye mvua nyingi zaidi, kisha mpandishe kwa mabadiliko ya maji ya wiki mbili tatu.

Hatua ya 8: Kuzalisha

Kwa multi, tandika mchanga laini wa sentimita 4. Mchanga wa ufukweni uliooshwa unafaa. Kokoto za lava zilizopondwa zina makali, na samaki huyu huchimba kwa mdomo. Magamba tafuta kwenye migomba baada ya mvua, ya konokono wadogo wenye mlango wa sentimita 2 hivi. Chemsha, toa mabaki yote, loweka siku kadhaa mpaka harufu iishe. Weka mawili au matatu kwa kila samaki.

Nunua wachanga watano, ikiwezekana kutoka wazazi tofauti, kwa sababu dume na jike wakiwa wachanga hawatofautiki. Watajipanga wenyewe. Ukimwona mmoja amejibanza kona ya juu na mapezi yamechanika, ametengwa. Mtoe siku hiyohiyo. Jike akianza kukaa sana kwenye mlango wa gamba na kupepea mkia, kuna mayai. Baada ya siku kama kumi utaona vichwa vidogo kama punje za mtama mlangoni. Usiguse kitu. Usihamishe gamba, usipange mawe upya.

Medaka unamfanyia kazi zaidi. Chukua nyuzi za kufumia sweta, zile za plastiki, zichemshe, funga fundo, zining'inie ndani ya maji. Asubuhi jike huonekana na kishada cha mayai chini ya tumbo, kisha hukipangusa kwenye nyuzi. Kila siku tatu hamisha nyuzi kwenye bokali lenye maji yaleyale, kwa sababu wazazi hula mayai na watoto pia. Wafugaji wa Japani huhesabu joto mara siku: ikifika 250, mayai huanguliwa. Katika 25 ni siku kumi, katika 20 ni kumi na mbili au tatu. Yai jeupe lenye manyoya limekufa, litoe.

Mimea ya ziwani inasaidia, lakini konokono wa maji wanaokuja nayo wanaweza kubeba kichocho. Iweke kwenye ndoo ya pembeni wiki kadhaa, toa kila konokono, na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni.

Hatua ya 9: Chakula

Sambaza waliokauka juani bila chumvi, wakisagwa na kupitishwa kwenye kitambaa, ni chakula kizuri na cha bei ya sokoni. Kwa wazazi ongeza viluwiluwi vya mbu kutoka pipa la mvua. Vifaranga wa multi hula unga huo na artemia wachanga (kamba wadogo sana wa maji ya chumvi). Wa medaka ni wadogo mno siku za mwanzo: wape maji ya kijani, yaani ndoo ya maji iliyokaa juani mpaka ikabadilika rangi, kijiko kadhaa kila asubuhi. Kiini cha yai ambacho watu hupenda kupendekeza huoza haraka, na umeshasoma amonia inafanya nini hapa.

Hatua ya 10: Wanaozidi

Multi wakiona nafasi imejaa hupunguza kuzaa wenyewe, lakini siku itafika utakapohitaji kutoa. Wabadilishane na mfugaji mwingine, na upokee damu mpya kutoka kwake. Usiwamwage ziwani, wala kwenye mtaro wa mvua unaoelekea ziwani. Multi katika maji ya Kivu anaweza kukaa na kuzaliana, kama Lamprichthys alivyofanya, na hakuna atakayeweza kuwatoa tena. Usipompata wa kumpa, tenganisha madume na majike mpaka apatikane.